Vespa Iliyotaka Kuishinda Boxer

Simu ya mpwa wangu wa Kitui ilinikuta barazani baada ya sala ya isha, kahawa imekwisha kumiminwa na mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza kunoga. Alitoa shikamoo ya haraka haraka, kisha akauliza: "Mjomba, ile tupa ya babu ya mviringo, ile nyembamba, ungali nayo?"

Nikamwambia ninayo, nikamuuliza anaitakia nini.

"Nataka kuifungua Vespa kifua ipumue. Hawa wa Boxer wamezidi kunicheka."

Ndugu msomaji, wewe uliyekulia Mombasa, Malindi, Tanga au Unguja huna haja ya kuelezwa Vespa. Ndicho chombo cha waalimu, cha makarani wa bandari na cha mashekhe wetu, kwa kuwa mwenye kanzu aliweza kukipanda akafika msikitini kanzu yake ingali nyeupe. Na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyekichora chombo hiki kwa kampuni ya Piaggio huko Italia, hakupenda pikipiki za zama zake. Aliziona chafu na nzito. Akaificha injini ubavuni chini ya bati, akaweka sakafu ya kutulizia miguu na ngao ya kukinga matope. Ya kwanza ilitoka mwaka 1946, na jina lake kwa Kitaliano maana yake ni nyigu. Mwenye kuisikia ikipita kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, Unguja, ambako zingalipo hadi leo, hatauliza kwa nini.

Hii ninayoisimulia ni ya ujazo wa 150, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa ya marehemu baba. Mirathi ilipogawiwa ikamwangukia dada yangu aliyeolewa Kitui, na alipofiwa na mumewe ndiyo iliyobaki kumtafutia riziki. Hukanda mahamri na sambusa usiku, na alfajiri mwanawe huweka kreti katikati ya miguu juu ya ile sakafu ya D'Ascanio, akagawa mikahawani kabla jua halijapanda. Vespa hiyo basi si pambo la kijana. Ikilala siku moja, mahamri ya siku hiyo huliwa na majirani.

Huenda mtu akauliza: Waswahili na Kitui wapi na wapi? Jibu ni la zamani kuliko reli. Wakamba walikuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu katika misafara yao wenyewe, na watu wa pwani nao wakapanda bara. Kivoi wa Kitui, tajiri wa misafara, alikuwa akijulikana Mombasa na Rabai, na ndiye aliyempokea mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya. Katika kwenda na kurudi huko Kitui ikapata Waislamu wake, misikiti yake na mahamri yake. Makueni nako, usisahau, kuna mji uitwao Sultan Hamud, kwa jina la Sultani wa Zanzibar aliyetawala hadi mwaka 1902. Na jina lenyewe la Kitui wazee hulieleza kuwa ni mahali pa kufulia chuma. Mji wa wahunzi, basi. Ingekuwa ajabu kijana wa mji huo asitamani kuchonga kitu.

Tupa sikuituma. Nilikwenda nayo mwenyewe, kwa sababu namjua mpwa wangu, na kwa sababu nyingine nitakayoitaja.

Basi la Nairobi lilinishusha Kibwezi, nikapata gari la Kitui kwa njia ya Ikutha na Mutomo. Barabara hiyo siku hizi ni ya lami, na hapo ndipo fitina yote ilipoanzia. Ilipokuwa vumbi na makorongo, hakuna aliyejali nani ana mbio. Kila mtu alikuwa akitafuta kufika tu. Lami imewafungulia vijana mlango wa kushindana. Na pikipiki zimejaa tele, hasa tangu serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Boxer, TVS na nyinginezo zimepangwa kila njia panda, na waendeshaji wake wamezitia vioo, pindo na maandishi. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi 12 hivi. Vespa ya marehemu baba, ilipokuwa mpya, ilikuwa na 8. Kijana wangu alikuwa akiachwa na watu waliopakia mbuzi.

Niliikuta Vespa imeegeshwa uani kwa dada yangu. Nikaipiga kiki mwenyewe. Ikawaka, lakini sauti haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa kali, nyembamba, kama mtu anayesoma kwa puani. Nikamtazama kijana. Akaangalia chini.

"Nilishaanza, mjomba. Kwa tupa ya kuazima."

Hapa sina budi kukueleza injini yenyewe, maana bila ya hilo hutajua kosa lilikuwa wapi. Injini ya Boxer ni ya mapigo manne: pistoni inavuta hewa na petroli, inakandamiza, inalipuka, inatoa moshi, na kila kazi ina mpigo wake na vali zake. Ya Vespa ni ya mapigo mawili. Haina vali hata moja. Ubavuni mwa silinda kuna matundu, na pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo mlango wa kuyafungua na kuyaziba. Ikishuka inafungua kwanza tundu la moshi, kisha matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya uliokuwa ukisubiri chini kwenye kranki. Moshi unatoka huku mchanganyiko unaingia, vyote kwa wakati mmoja, katika chumba kimoja. Ni sawa na msikiti wa mlango mmoja siku ya Ijumaa, wanaotoka na wanaoingia wakipishana kizingitini. Kwa hesabu injini hii hulipuka kila mzunguko, ilhali ya mapigo manne hulipuka mzunguko mmoja na kuuruka mmoja. Ndiyo sababu kijiinjini kidogo cha namna hii kina uchangamfu kuliko umbo lake.

Mwenye kutaka mbio huanza na tundu la moshi. Akilipandisha juu kwa tupa milimita moja au mbili, moshi hupata nafasi ya kutoka mapema, na injini ikizunguka kasi sana nafasi hiyo huisaidia. Lakini fikiri: tundu likifunguka mapema, mlipuko ule unaoisukuma pistoni nao umekatwa mapema. Katika mzunguko wa polepole, ambako palikuwa na wakati wa kutosha tangu hapo, injini inapoteza tu. Nguvu haikuongezwa. Imeondolewa chini ikapelekwa juu.

Na hilo ndilo lililomfika mpwa wangu. Alikuwa amepandisha tundu milimita mbili kwa kukisia. Kwenye lami tambarare, akiwa peke yake, Vespa ilikuwa imepata mbio kidogo, nami namwamini. Lakini alfajiri, kreti imejaa, akitaka kuupanda mlima wa kutoka mtoni, ilikuwa haivuti. Ilimbidi aishughulishe klachi, ailie injini kama anayemlilia mtoto, na mara mbili alishuka akaisukuma. Dada yangu hakujua. Alidhani mikahawa imehama saa.

Sikumkaripia, na sababu ni ile niliyosema nitaitaja. Nilipokuwa na umri wake niliinyoa hedi ya skuta ya kaka yangu kwa kuisugua juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo. Mtu alikuwa ameniambia kuwa hedi ikipunguzwa unene, mchanganyiko hubanwa zaidi na mlipuko ukawa mkali. Aliniambia kweli. Hakuniambia kwamba joto nalo huongezeka, na kwamba petroli ikibanwa kupita kiasi hulipuka yenyewe bila ya kungoja cheche. Siku ya tatu pistoni ilitoboka katikati, tundu la ukubwa wa shilingi. Kaka yangu hakusema nami tangu Shaabani hadi Idi.

Kitui mafundi ni wengi na wana mikono myepesi, lakini wale niliowauliza wamezaliwa katika zama za mapigo manne. Mmoja, kijana hodari wa kuchomelea, alikuwa tayari kumtengenezea mpwa wangu ekzosi yenye tumbo kama aliyoiona kwenye picha. Nikauliza urefu wake utakuwa kiasi gani. Akasema, utakaoenea.

Hapo niliona pana kisa cha kuwasimulia wote wawili, tukakaa juu ya mitungi mitupu ya gesi.

Katika mji wa Zschopau, uliokuwa Ujerumani ya Mashariki, palikuwa na kiwanda cha MZ, na ndani yake mhandisi mmoja, Walter Kaaden, asiyekuwa na fedha wala vyuma vizuri. Alichokuwa nacho ni sikio. Alijua kwamba kila injini inapotoa moshi hupeleka wimbi la mshindo ndani ya bomba, na wimbi hilo halipotei. Likifika mahali bomba linapotanuka, hurudisha nyuma mvuto unaosaidia kuufyonza moshi na kuuvuta mchanganyiko mpya. Likifika mahali bomba linapobana tena, hurudisha msukumo, na msukumo ule ukifika kwenye silinda kwa wakati wake unaurudisha ndani mchanganyiko uliokuwa unatoroka, nukta chache kabla pistoni haijaziba tundu. Ni mwangwi uliopewa kazi. Kaaden hakuwa wa kwanza kulitia bomba tumbo, lakini ndiye aliyeyapima mawimbi hayo kwa vyombo mpaka akayajua. Mwaka 1961 injini yake ya 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Linganisha na hizo 8 za Vespa ya 150.

Siri ya namna hiyo haikai. Mwaka ule ule mwendeshaji wake mkubwa, Ernst Degner, alikuwa akiongoza mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwezi Agosti ukuta ulianza kujengwa Berlin. Mwezi wa Septemba, baada ya mashindano ya Sweden ambayo injini yake ilimharibikia, Degner hakurudi kwao. Alivuka kwenda Denmark, na mkewe na watoto walikuwa wamekwisha kutoroshwa kutoka Mashariki. Alikwenda Japani kwa Suzuki na yote aliyokuwa nayo kichwani. Mwaka 1962 Suzuki wakatwaa ubingwa wa daraja la 50, Degner akiwa juu ya kiti. Kaaden akabaki Zschopau na mabomba yake.

"Kwa hivyo huyo mtu aliiba bomba," akasema kijana wa kuchomelea.

Aliiba vipimo, nikamwambia. Bomba lolote lenye tumbo unaweza kulichomelea leo jioni. Lakini mwangwi una saa yake. Bomba la urefu fulani lina kasi yake moja ya injini linayoipenda. Chini ya hapo msukumo unarudi mapema mno, na juu yake unachelewa. Ukikosea, badala ya kukurudishia mchanganyiko unakutilia moshi ndani. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa hayo kwa fimbo: madda ina harakati zake, ukiivuta kupita kiasi au ukiikata kabla, maana imekwenda. Kijana wa kuchomelea, ambaye si mwenzetu katika dini, alicheka akasema kumbe hata kwenu kuna kupima.

Siku ya pili tuliteremka na Vespa mpaka Kibwezi, mimi nikiwa nyuma, jambo ambalo mgongo wangu haujalisahau. Nilikuwa nimeelekezwa kwa fundi wa makamo, Mkamba wa Makueni, ambaye ujana wake wote aliutumia kutengeneza Yamaha za AG 100. Wenye umri wangu watazikumbuka: pikipiki za mapigo mawili za mabwana shamba, zenye kinga za chuma pande zote, zilizopita katika mchanga wa mito ya ukame ambako gari hukwama. Fundi huyu hakuigusa Vespa kwanza. Alimwomba mpwa wangu aizime ghafla baada ya kuikimbiza, akaitoa plagi akaitazama kama tabibu anavyotazama ulimi.

Ilikuwa nyeupe.

Plagi ya injini nzima, ndugu msomaji, ina rangi ya kahawa yenye maziwa. Ikiwa nyeusi tititi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama mfupa, petroli ni haba na ndani kuna tanuri. Na kwa injini ya mapigo mawili uhaba huo ni balaa maradufu, kwa sababu oili haina njia yake. Inachanganywa na petroli yenyewe, lita moja kwa hamsini. Ukiinyima petroli umeinyima oili kwa tendo lile lile. Pistoni inatanuka kwa joto, utando wa oili umekwisha, chuma kinang'ang'ania chuma. Mafundi husema imenoki. Gurudumu la nyuma hufunga papo hapo, na kama una mbio, wewe si mwendeshaji tena, ni mzigo.

Fundi akamgeukia kijana. "Wewe unataka mbio ama unataka mkate?"

"Vyote viwili, fundi."

"Basi lipia injini mbili."

Akatafuta kijiti akaandika mchangani. Alikuwa na hesabu ambayo mimi, pamoja na miaka yangu ya kuandika magazetini, sikuwa nimeifikiria. Kitu kinachoizuia skuta isiende zaidi ni upepo hasa, na nguvu zinazohitajika kuushinda haziongezeki pole pole. Ukitaka kutoka kilomita 80 kwa saa ufike 100, huongezi robo ya nguvu; unahitaji karibu mara mbili. Hizo milimita mbili za tupa haziwezi kuleta hayo. Kisha akageukia upande wa pili wa hesabu: kama breki zako zinakusimamisha kwa mita 40 ukiwa na mwendo wa 80, ukiwa na 100 zitahitaji mita 62 na zaidi. Na breki za Vespa ile ni za ngoma, na magurudumu yake ni madogo hata kwa shimo la kawaida, sembuse yale makorongo ya kando ya lami ambako mbuzi hulala. Yeye mwenyewe alikuwa na mguu mmoja uliopinda. Hakueleza, nasi hatukuuliza.

Kazi aliyoifanya ilichukua siku nzima, na hakuna hata moja ndani yake ambayo kijana angeweza kujisifia njiani. Aliikwangua masizi ekzosi na hedi. Masizi ya miaka yalikuwa yameziba hata njia ya moshi. Akabadilisha ringi. Akaona gasketi ya silinda ilikuwa imekatwa vibaya, ukingo wake umejitokeza ndani ya njia ya mchanganyiko, akaikata upya ilingane na matundu. Lile tundu lililopandishwa halirudi. Chuma kilichokwisha tupa hakioti. Akaliacha, akalilainisha kingo ili ringi isije ikakwama. Klachi aliikaza. Hewa iliyokuwa inavujia kwenye shingo ya kabureta akaiziba, na hapo, akasema, ndipo nusu ya ule weupe wa plagi ulipokuwa ukitoka.

Kisha akaja kwenye jeti, na hapa naomba msomaji wa pwani asikilize. Jeti ni kijisumari cha shaba chenye tundu, na namba yake ni upana wa tundu hilo kwa sehemu za mia za milimita. Kitui iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,100, na huko hewa ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu sehemu moja katika kumi. Hewa ikipungua, petroli nayo ipunguzwe, la sivyo injini inakohoa. Fundi akatia jeti la 98, likafaa. Lakini akatoa jingine la 102, akalitia ndani ya kiberiti kitupu, akakifunga kwa uzi.

"Hili ni la kwenu chini," akaniambia. "Ukiteremka na 98 mpaka kwa bahari, hewa inakuwa nzito na petroli inabaki ile ile. Abadilishe hapa Kibwezi, ama Mtito Andei. Asipite Voi."

Jioni tukaijaribu. Ilivuta. Si kama zamani, maana lile tundu lilikuwa limekula sehemu yake, lakini na mimi nyuma yake ilipanda mwinuko kwa gia ya pili bila ya kusukumwa. Mpwa wangu hakuonekana kufurahi sana. Alikuwa amekuja kutafuta nyigu akapewa punda.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, nilimwandikia ubeti nyuma ya risiti ya fundi. Mtu huwa haachi kazi yake hata akiwa safarini:

Kijana unoukaza, moto ndani ya silinda,
Mwendo unaouwaza, una bei ya kupanda,
Breki hujaziongeza, gurudumu limekonda,
Mamako ukimliza, ni nani atamlinda?

Aliusoma, akasema vina vimekaa sawa, akaukunja akautia mfukoni. Mimi nikapanda basi la Mombasa asubuhi, na tupa yangu.

Wiki kadhaa mambo yalikuwa mazuri. Dada yangu alinipigia simu kunishukuru, mahamri yanafika saa zake. Kisha mpwa wangu akaamua kuja pwani kwa Maulidi, na akaamua kuja na Vespa, peke yake, kilomita zaidi ya 400. Alinijulisha akiwa amekwisha kupita Mutomo. Nikamwambia neno moja tu: kiberiti. Akasema, "Ninacho, mjomba, usihofu."

Yaliyofuata nimeyapata kwake mwenyewe, na nampa haki yake, hakuyapamba. Kibwezi alimkuta fundi hayupo, akapita. Mtito Andei palikuwa na malori mengi na yeye hakutaka kuchafua mikono kabla ya sala ya adhuhuri. Baada ya hapo barabara inateremka, na Vespa ilikuwa inakwenda kama haijapata kwenda. Hewa nzito ya chini ilikuwa inaingia kifuani na petroli ikibaki ile ile, na injini iliyopungukiwa na petroli, kabla haijafa, huwa nyepesi na tamu sana. Hilo ndilo linalowaponza wengi. Kwenye miteremko alikuwa akifunga mkono wa mafuta na kuiacha injini ivutwe na gurudumu, nayo ikizunguka kasi bila petroli, maana yake bila oili. Alipita Voi. Kwenye ile tambarare ya kutoka Maungu kuelekea Taru, jua la saa tisa likiwa juu ya lami, mwendo wa 85 na labda zaidi, nyuma yake lori la mizigo.

Anasema alisikia kama kijiko kinaburutwa ndani ya kikombe. Mkono wake wa kushoto ulivuta klachi kabla yeye mwenyewe hajajua; pengine ni mazoea ya zile asubuhi za kuilia injini mlimani. Gurudumu lilikuwa limefunga kwa muda wa kufumba jicho, likaachia. Vespa iliyumba mara mbili, ikatoka nje ya lami, ikalala ubavu kwenye mchanga. Lori lilipita likipiga honi, halikusimama.

Alichubuka kiwiko na goti, na suruali ya Idi ikaraa. Alhamdulillahi, si zaidi. Nimekaa miaka mingi katika kazi hii ya habari, na najua idadi ya safari ambazo huishia katika wadi ya mifupa kwa jambo hilo hilo, ukiondoa ule mkono wa kushoto.

Alifika Mombasa baada ya maghribi juu ya gari la magunia ya pojo, yale ambayo Wakamba huyaita ndengu, Vespa imelazwa juu yake kama mgonjwa. Asubuhi tuliivua silinda. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande wa tundu la moshi, upande wenye joto zaidi, na ringi moja imekwama kwenye mfereji wake. Karakana ya kukereza vyuma imesema silinda ichongwe iongezwe nusu milimita, na pistoni mpya ya kipimo hicho iagizwe. Kwa wakati huu mahamri ya Kitui yanabebwa na Boxer ya kukodi, na dada yangu anatoa kodi hiyo kila siku katika faida ambayo hata bila hiyo ni ndogo.

Nilimpigia fundi wa Kibwezi kumpa habari. Hakuuliza mwendo wala mahali. Aliuliza kijana mzima, kisha akauliza jeti gani.

Nikaenda kufungua kisanduku cha Vespa. Kiberiti kilikuwamo, uzi wake haujaguswa. Na plagi ya akiba ilikuwa imefungwa kwa karatasi isiingie vumbi. Nilipoikunjua nikaona ni risiti yangu, upande wa ubeti umegeuzwa ndani.

Pistoni ile mbovu ninayo mezani, inazuia karatasi hizi zisipeperushwe na feni. Jeti la 102 mpwa wangu ameliomba alitie mwenyewe, siku pistoni mpya itakapofika. Akirudi Kitui atalazimika kulitoa tena.